Kiti cha Warumi

Siku Gayo Petilio alipoacha kunisalimu kwanza ilikuwa Jumanne, wiki mbili kabla ya miezi ya upepo mdogo.

Niliingia ukumbini saa mbili kasoro robo kama kawaida, nikawasha ukuta wake wa picha, nikavuta kiti changu. Alitokea amekaa kwenye benchi lake la mawe, mikono juu ya magoti, ile mikono mipana iliyonichukua mwaka mzima kuijenga mpaka vidole vikakaa sawasawa. Kwa miaka kumi na moja neno lake la kwanza asubuhi lilikuwa jina langu. Siku hiyo alisema:

"Yule mwanamke ameamka?"

"Mwanamke gani?" niliuliza, ingawa katika jengo letu mwanamke wa kuulizwa na Gayo alikuwa mmoja tu.

"Muuza mishumaa. Jana hakumaliza habari za maji."

"Bado amelala," nilisema.

Haikuwa kweli. Nilipopita kwenye korido nilikuwa nimeona taa ya ukumbi wa Evdokia ikiwaka.

Kuanzia siku ile nikawa nahesabu. Ndiyo tabia yangu. Jambo nisilolielewa hulihesabu kwanza, hukumu ije baadaye. Katika siku saba Gayo alimtaja Evdokia mara thelathini na mbili. Mimi alinitaja mara nne, na moja kati ya hizo alikuwa ananiomba nisogee pembeni, nilikuwa nimemkinga asione mchoro.

*

Kituo chetu kiko juu ya miamba nje ya mji wa Singida, kwa sababu ya upepo. Watu wa kale tunaowaamsha hatuwaiti mashine wala mizimu. Tunawaita wageni. Mgeni hujengwa kwa alichokiacha: meno hueleza maji aliyokunywa utotoni, mifupa hueleza kazi aliyoifanya, jiwe la kaburi hutoa jina, na barua za watu wa mtaa wake hutoa lugha. Yaliyobaki mashine huyakisia, kisha fundi huyakagua moja baada ya jingine mpaka yashikane. Yakishashikana, mgeni huamka. Na kwa kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe, kila mmoja wetu humtafutia mgeni wake kazi. Gayo, ambaye katika uhai wake alipima mifereji iliyopeleka maji Roma, alikuwa akivichorea vijiji vya wilaya mitaro.

Wageni wanaishi kwa umeme wa upepo. Upepo ukivuma vizuri tunaweza kuwa nao ishirini. Upepo ukipungua, mitambo inabeba kumi na wawili, basi. Ndiyo maana kuna viti kumi na viwili, kila taifa kiti kimoja: Wamisri, Wanubi, Waaksumi, Warumi na wengineo. Asiye na kiti hulazwa, yaani huzimwa mpaka upepo urudi. Tumewahi kulaza watatu. Wawili hawakuamka tena, na wa tatu aliamka akiwa hajui hata kutamka jina lake.

Mimi sikusomea kazi hii. Nilikuja kama fundi wa mitambo ya upepo. Kilatini nilijifunza katika kitabu cha sarufi kisicho na jalada, kilichoachwa na mapadri, na kilinichukua miaka sita. Daktari Zawena Kiula alikuja miaka mitatu iliyopita na shahada zake na Kigiriki kinachomtoka bila kuhangaika. Alimjenga Evdokia kwa miezi kumi na minne. Nilikagua kazi yake nikitafuta kasoro, na nilitafuta kwa bidii kuliko ilivyonipasa. Sikuipata.

Kasoro aliileta Evdokia mwenyewe. Siku ya kwanza aliposomewa fomu yake na kusikia ameandikwa Mgiriki, alisimama.

"Wagiriki ni wale walioabudu masanamu," alisema. "Mimi ni Mrumi."

*

Bi Hadija Msengi, mkurugenzi wetu, alituita ofisini kwake, mimi na Zawena. Ni mama asiyeinua sauti. Alitumiminia chai yeye mwenyewe, akafungua kitabu cha kanuni, ingawa sote tulizijua kwa moyo.

"Mgeni hujitaja mwenyewe ni mtu wa watu gani," alisoma. "Kiti kikiwa kitupu, neno lake linatosha. Kiti kikiwa na mwenyewe, lazima mwenye kiti amtambue."

"Kama mjumbe wa nyumba kumi anavyomtambulisha mkazi wake," alisema Zawena.

"Kama mjumbe. Akimtambua, aliyetangulia ndiye hulazwa, maana ushuhuda wake tumeshaupokea. Asipomtambua, hulazwa yule aliyekuja nyuma. Na mwenye kiti haambiwi lolote kuhusu kulazwa, asije akajibu kwa woga. Tumeelewana?"

Tulielewana. Gayo akisema ndiyo, analazwa Gayo. Akisema hapana, analazwa Evdokia.

"Kiti cha Wagiriki kiko wazi," nilisema. "Aseme neno moja tu, mambo yaishe."

"Nimemwambia mpaka mate yamenikauka, kaka Nkuwi," Zawena alisema. "Ananijibu, jiji wamenichukulia, nyumba wamenichukulia, jina mtaniachia."

Evdokia aliishi Konstantinopoli miaka mia nane na zaidi iliyopita. Jeshi kutoka magharibi lilivunja malango ya jiji lake, likapora makanisa, na yeye akakimbia na gunia la nta mgongoni. Askari wale walikuwa na mapadri waliosali kwa Kilatini. Kwa hiyo kwa Evdokia Kilatini ni lugha ya waliomtoa nyumbani, na Roma ni mji wa mbali ambao hakuwahi kuuona.

"Mtu huyu hajui Kilatini," nilisema. "Hajakanyaga Roma. Anazungumza Kigiriki, halafu anakiita Kirumi. Urumi wake uko wapi?"

Zawena aliweka kikombe chini. "Kaka, jina lilianza na mji mmoja. Likawa la nchi nzima ya Italia. Kisha kaisari mmoja akaamua karibu kila mtu huru katika dola awe raia, hata wa Siria, hata wa Misri. Upande wa magharibi dola ikafa. Upande wa mashariki watu wakaendelea kulima, kuoa na kulipa kodi wakijiita Warumi, mababu kwa wajukuu, miaka elfu. Nani aliwatuma waache?"

"Kwa hiyo ni jina la kuokota."

"La kurithi," alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi.

*

Mwanzoni sikuwa na sababu ya kuogopa. Tulipowakutanisha mara ya kwanza, kuta zao mbili zikielekeana, Gayo alimsalimu kwa Kilatini, na Evdokia akarudi nyuma mpaka akagonga meza yake.

"Mwambieni huyo mshenzi asinisogelee."

"Huyu Mgiriki analia nini?" aliuliza Gayo.

"Na asiniite Mgiriki!"

Walitukanana hivyo karibu wiki nzima, mashine ikitafsiri matusi yao kwa sauti moja isiyo na hasira. Nililala vizuri wiki ile. Kisha Evdokia, katika kujisifia jiji lake, akasema kwamba chini ya duka lake kulikuwa na birika kubwa la mawe lililoletewa maji na mfereji wa matao kutoka milimani, na kwamba yeye alikuwa akishusha ndoo humo kila siku.

"Mteremko wake ukoje?" Gayo aliuliza.

"Mimi nitajuaje mteremko? Ninachojua, kiangazi kikifika siku ya arobaini maji hushuka mpaka jiwe lililochongwa sikio la ng'ombe. Yakipita hapo, mfereji umevuja mahali, na inabidi mtu apande juu."

Gayo alisimama. Katika miaka kumi na moja sikuwahi kumwona akisimama kwa ajili ya mtu.

"Huyu mwanamke anayajua maji," aliniambia.

Asubuhi moja Zawena alinikuta kwenye korido nikiwa nimebeba michoro. "Kaka Nkuwi, mgeni wako kanihamia," alisema akicheka. "Nimtandikie mkeka?"

Alikuwa anatania. Nilijua anatania. Nilitabasamu, nikaenda kujifungia kwenye chumba cha mitambo.

Lakini lililonivunja lilikuja Alhamisi. Nilikuwa nimevaa visikilizi, nakagua tafsiri, na nikamsikia Gayo akimsimulia Evdokia habari za baba yake.

Gayo nilimjenga kutokana na jiwe moja lenye majina mawili, la baba na la mwana. Baba hakuzaliwa Mrumi. Alikuwa Filo, kijana wa Antiokia aliyezungumza Kigiriki, akauzwa sokoni, akanunuliwa na Mrumi aliyeitwa Gayo Petilio. Baada ya miaka mingi bwana wake alimpeleka mbele ya hakimu, akaguswa kwa fimbo, akazungushwa duara moja, akaachwa huru. Mtumwa aliyeachwa huru na Mrumi kwa utaratibu ule akawa Mrumi siku hiyohiyo, na akachukua jina la bwana wake. Gayo wangu alizaliwa miaka mitatu baadaye, raia. Habari hizi Gayo hakupenda kuzitaja. Mimi nilizingoja miaka minne, na alinisimulia mara moja tu, akiwa amegeuzia uso pembeni. Yule mwanamke Gayo alimsimulia siku ya kumi na tisa tangu wakutane, tena akicheka alipofika pale baba yake alipokuwa akichanganya lugha mbili jikoni.

Nilijua basi kwamba Jumatatu, siku ya kikao, Gayo angemtambua. Mtoto wa mtu aliyefanywa Mrumi kwa fimbo angewezaje kumkataa aliyerithi jina hilo kwa wazee wake?

*

Tuna kifaa tunachokiita kizibo. Wako wageni wanaoamka wakipiga kelele kwa sababu ya namna walivyokufa. Hao huzibiwa kumbukumbu ile mpaka wapate nguvu ya kuibeba. Kizibo hakifuti. Hufunika. Kitabu kinataka sahihi mbili, ya fundi na ya mkurugenzi. Mlango wa chumba cha mitambo hautaki sahihi yoyote, unataka ufunguo, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Ijumaa saa saba mchana Bi Hadija na wengi walikuwa msikitini, na Zawena alikuwa kwa mama lishe. Niliketi. Nilifunika Antiokia. Nilifunika soko, fimbo, jiko, ile sauti ya lugha mbili. Nilikwenda polepole, nikihakikisha kila ukingo. Dakika kumi na moja. Nilijiambia kwamba simuui mtu. Evdokia ana kiti kitupu kinachomngoja, na kiburi ni chake. Nilijiambia namwokoa Gayo, na hilo lilikuwa kweli. Ila najua kwamba hata kama Gayo asingekuwa na hatari yoyote, huenda ningeketi pale vilevile.

Jumamosi niliwasha ukuta.

"Salamu, Nkuwi," alisema Gayo.

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo kwa siku nyingi. Aliyatamka kama mtu anayesoma jina kwenye kibao.

Saa nne alikuja bwana Mughwai, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji kimoja cha jirani, mtu wa maneno mengi anayempenda sana Gayo.

"Shikamoo, mzee Gayo! Mtaro wetu umegoma. Tumeuchimba kama ulivyosema, maji yanakwenda mbio, yanakula kingo."

Mashine ilitafsiri. Gayo aliangalia mchoro. "Mmeshusha mno. Punguzeni. Kwa kila hatua mia, upana wa kiganja."

"Sawa. Na mzee wako alisemaje safari hii?" Mughwai alisubiri akiwa ameshaanza kutabasamu, maana kila mara Gayo alimalizia kwa usemi wa baba yake: kwamba maji ni kama mzee wa heshima, ukimkimbiza anaanguka.

"Mzee gani?" aliuliza Gayo.

Mughwai akacheka. Kisha akaona anacheka peke yake.

Nje, akifungua pikipiki yake, aliniuliza, "Fundi, babu anaumwa?"

"Upepo umepungua."

"Mbona huku nje unanivua kofia?"

Nilirudi ndani nikakaa na Gayo mchana kutwa. Alikuwa wangu peke yangu. Hakumuulizia mtu yeyote. Alikuwa akifungua na kufumba mkono wake wa kulia, akiutazama, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata.

*

Kikao kilikuwa Jumatatu saa tatu. Bi Hadija alikaa katikati, Zawena upande wa pili, mimi karibu na meza ya mitambo. Kuta mbili ziliwashwa zikielekeana. Evdokia alikuwa amejifunga ushungi wake mzuri. Juu ya kila ukuta kuna taa ndogo inayoonyesha lugha ya msemaji, nyeupe kwa Kilatini, ya njano kwa Kigiriki.

"Shahidi ajitaje kwa jina kamili, kwa desturi ya kwao," alisema Bi Hadija.

Gayo alisimama wima. "Gayo Petilio," alisema. "Mwana wa..."

Akanyamaza.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Nimesoma majina ya Kirumi maelfu kwa maelfu. Nimeyaorodhesha, nimeyapanga, na kila moja limebeba ndani yake jina la baba: mwana wa Gayo, mwana wa Marko, mwana wa Lukio. Raia hawezi kujitaja bila kumtaja aliyemzaa. Nilimwondoa baba kwenye soko, kwenye jiko, kwenye kazi. Sikukumbuka kwamba yumo kwenye jina.

"Mwana wa..." alirudia. Taa nyeupe iliwaka, ikazimika.

"Mpe muda," Zawena alisema kwa sauti ya chini. "Labda ni umeme."

"Tunaweza kuahirisha hatua ya jina," alisema Bi Hadija, "tukaenda kwenye swali lenyewe."

Ilikuwa njia iliyo wazi. Ningenyamaza tu. Angeulizwa swali, angesema simtambui, na ingekwisha. Lakini Gayo hakuwa akimtazama Bi Hadija wala Evdokia. Alikuwa akinitazama mimi, kama alivyonitazama siku ya kwanza alipoamka na hakujua yuko wapi.

"Nkuwi," aliniambia kwa Kilatini, "mimi ni mwana wa nani?"

Nilisimama. "Bi Hadija, si umeme. Ni mimi. Nilimziba Ijumaa."

Nikaeleza yote kwa mpangilio, saa, dakika, nilichofunika na sababu, kwa sababu sijui namna nyingine ya kueleza mambo. "Nilimwonea wivu," nilisema. "Nilimwonea wivu Evdokia. Na Daktari pia."

Zawena alinitazama kama anayeniona mara ya kwanza. "Kaka," alisema, "miaka mitatu tunakunywa chai pamoja."

"Mfungue," alisema Bi Hadija.

Nilimfungua mbele yao. Haikuchukua hata dakika. Gayo alishika ukingo wa benchi lake, mabega yakatikisika, na neno la kwanza alilolitamka liliwasha taa ya njano. Evdokia akainua kichwa. Mashine ikatafsiri: "Baba."

Aliketi, akaupangusa uso kwa kiganja. Kisha akasimama tena. "Gayo Petilio, mwana wa Gayo, wa kabila la Kolina. Na huyo Gayo, kabla ya hapo Filo, ni mwana wa mtu nisiyemjua, huko Antiokia. Ulizeni."

"Unamtambua mwanamke huyu kuwa Mrumi?"

"Ni mkaidi, hajui kupima mteremko, na anawaita mababu zangu majina nisiyoyarudia hapa." Evdokia alikohoa. "Baba yangu aliguswa na fimbo asubuhi, na mchana akala chakula kama Mrumi. Hakuna aliyemwambia arudi kesho. Huyu ameikimbia nyumba yake akiwa na jina hilo tu. Namtambua."

Zawena alijifunika uso. Bi Hadija alifunga kitabu. Ushuhuda ulikuwa umeshatoka, na sasa hapakuwa na kanuni ya kumficha lolote. Akamweleza Gayo kwamba kiti ni kimoja, na kwamba aliyetangulia ndiye hulazwa.

Gayo alisikiliza mpaka mwisho. "Na kiti cha Wagiriki kina nani?"

"Kitupu."

"Kitupu kinataka shahidi?"

"Neno la mgeni linatosha."

"Basi niandikeni humo. Mimi ni mtoto wa Filo wa Antiokia."

"Hapana!" nilipiga kelele, mimi ambaye sijawahi kupiga kelele katika jengo lile. "Gayo, wewe ni Mrumi! Umezaliwa raia. Miaka kumi na moja..."

"Nkuwi," alisema, bila hasira, "Urumi wangu uliutaka wewe kuliko nilivyoutaka mimi. Mimi nilitaka kupima maji." Kisha akamgeukia Evdokia na kusema jambo kwa Kigiriki, akiyatafuta maneno, na yeye akamsahihisha papo hapo.

*

Ukumbi wa Wagiriki ni wa Zawena. Ukumbi wa Warumi ni wangu. Bi Hadija alinipokonya ufunguo kwa miaka miwili, na akaamuru kila ninachokigusa kikaguliwe na mtu wa pili. Hakunifukuza. Alisema kufukuzwa kungekuwa mapumziko.

Nilitia sahihi fomu ya kumkabidhi Gayo kwa Zawena. Yeye alitia sahihi ya kunikabidhi Evdokia. Kalamu ilikuwa moja, tukapeana bila kutazamana. Alipofika mlangoni alisita. "Hapendi kuulizwa kama amelala vizuri," alisema. "Evdokia. Usimuulize."

"Na yeye ukimkinga mchoro atakwambia usogee," nilisema.

"Najua. Ameshaniambia."

Asubuhi ya kwanza niliwasha ukuta saa mbili kasoro robo. Evdokia alikuwa kwenye meza yake akinyoosha tambi za mishumaa, mmoja mmoja. Mashine ilitafsiri kati yetu.

"Wewe ndiye uliyemzibia yule mzee baba yake."

"Ndiyo. Ni mimi."

"Ili mimi nilazwe."

"Ndiyo."

"Kwetu muuza mishumaa akichanganya mafuta ya ng'ombe kwenye nta, ananyolewa nywele na kutembezwa sokoni. Wewe wamekufanya nini?"

"Wamechukua ufunguo."

"Basi?"

"Na wamenipa wewe."

Alichukua utambi mwingine akaunyoosha. Sikuweza kujua kama amekasirika. Kisha kutoka ukumbi wa pili, upande ule wa korido, Gayo akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu, cha mtu anayejaribu kumaliza sentensi akashindwa, na nyuma yake sauti ya Zawena ikisema jambo, halafu kicheko tena.

Mikono ya Evdokia ilisimama.

"Anacheka nini?" aliuliza.

"Sijui."

"Tangu nimeamka leo wako hivyo. Mimi daktari wangu alikuwa akija na fomu. Maswali na fomu." Alivuta utambi mpaka ukakatika. "Na jana huyo mzee aliniahidi tungezungumza asubuhi."

Ningeweza kumwambia mengi juu ya hilo.

"Nenda mlangoni," alisema. "Sikiliza wanasema nini."

Nikaenda. Nikasimama pale, kichwa kimeinama kama mtoto anayedoya. "Wanazungumza Kigiriki," nilisema. "Mimi Kigiriki sikijui."

"Mimi nakijua," alisema Evdokia. "Acha mlango wazi, uje ukae."

Niliuacha wazi. Nilivuta kiti changu karibu na ukuta, naye akasogeza meza yake upande wangu, tukasikiliza wote wawili.